Sauti ya Spika ya Kushoto

3 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Na Bibi mpe yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua amekwisha kusogeza kiti anauliza nimeandika nini. Mwambie chumba nilichopanga hakivuji, mlango una makomeo mawili, na mwenye nyumba ni mama mtu mzima asiyependa makelele. Mwambie nakula. Mdogo wangu naye mkumbushe kwamba vile viatu vyeusi nilimwazima, sikumpa.

Kazi nimeipata kweli, ila niko kwenye majaribio hadi mwisho wa Julai. Ni ofisi ya madai ya wafanyakazi walioumia au kufia kazini. Watu wanakuja kuhojiwa, mahojiano yanarekodiwa kwenye kompyuta, kisha mimi nayasikiliza na kuyapiga chapa neno kwa neno. Pia natoa barua za wito, na baada ya kila siku ya mahojiano naandika orodha: huyu amefika, huyu hakufika. Mkuu wetu ni mama wa maneno machache. Akikuta neno nimelikosea analizungushia wino mwekundu, halafu hasemi kitu, na kule kutosema kunanitoa jasho kuliko kama angenifokea.

Sasa shida. Kompyuta niliyopewa ina ugonjwa wa sauti. Spika ya kulia inasema, ya kushoto imekufa. Na hiyo ya kulia ina mvumo chini yake, kama mtu aliyefunga mdomo anaguna. Nimemwomba Mkuu aite fundi, akajibu kwamba karani aliyenitangulia naye aliomba hivyohivyo. Alivyonitazama, sikuomba tena. Wewe ndiye fundi pekee ninayeweza kumuuliza bila kuonekana sijui kazi. Nikikosea maneno ya watu kwa sababu ya mashine, wanaoumia ni wao, na anayefukuzwa ni mimi. Nifanyeje?

Ningekupigia simu, lakini Bibi alisema siku hizi hupokei.

Binti wa kaka yako,
Chiriku


19 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Bibi ameipokea shikamoo yake na ameitangaza kwa majirani, kwamba mjukuu karani amemsalimia kwa maandishi. Kikohozi kimepungua. Mdogo wako anasema viatu hajui vilipo, na wakati anasema hivyo alikuwa amevivaa.

Simu achana nayo. Niandikie. Maandishi hayakatiki katikati.

Hiyo kadi ya sauti ni kibao kidogo tu kilichochomekwa ndani ya kasha, wala si mnyama wa kukung'ata. Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, uangalie nyuma ya kasha. Kuna matundu ya rangi. La kijani linatoa sauti kwenda kwenye spika, la waridi ni la kipaza sauti, la buluu linaingiza sauti kutoka chombo kingine. Kinyozi wa hapa jirani alikuja ananililia kwamba kadi imekufa, na wateja hawanyolewi bila muziki. Kumbe kachomeka spika kwenye la buluu. Kama nyaya zimekaa sawa, fungua ubavu wa kasha. Shika kwanza chuma chake ili mwili wako umwage umeme wake, ndipo uguse kadi. Fungua skrubu, ivute juu moja kwa moja, usiitikise kama jino la mtoto. Yale meno yake ya dhahabu yasugue kwa kifutio cha penseli mpaka yang'ae, puliza vumbi, kisha ichomeke kwenye nafasi nyingine.

Halafu huo mguno uniandikie kwa herufi. Ni mmmm, ni zzzz, au ni shhhh? Mmmm ni umeme wa ukutani unaoingia kwenye waya mrefu wa sauti. Zzzz inatoka ndani ya mashine. Shhhh ni kadi yenyewe imechoka. Usiniandikie "kelele kidogo." Kelele kidogo ni ya watoto.

Na huyo karani aliyekutangulia alikwenda wapi?

Shangazi yako


6 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nashukuru kwa habari za Bibi. Huku mvua imeanza na nguo hazikauki, nazianika chumbani nalala chini yake kama niko sokoni.

Nilifanya yote uliyosema, wenzangu wakiwa wameenda kula. Kadi ilikuwa na vumbi jeusi kwenye meno. Nilisugua, nikaihamisha, nikawasha. Spika ya kushoto imefufuka. Mguno haujaisha; ni mmmm, bila shaka yoyote, na sasa unatoka kushoto tu.

Ningependa kuishia hapo. Lakini Jumanne nilikuwa nimeinama napanga mafaili, mtu akapiga hodi. Hodi ya kawaida ya mama mtu mzima, mwenye pumzi ya kutembea sana. Nami bila kuinua kichwa nikasema, "Karibu." Ungesema hivyohivyo na wewe, mtu haagizwi kusema karibu, neno linatoka lenyewe. Nilipotazama mlangoni hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa wazi na korido naiona yote hadi mwisho, na sakafu ndiyo kwanza imepigwa deki. Haina alama ya mguu. Nikasema tena, "Karibu, pita ndani." Ndipo nikasikia mtu akivuta pumzi, na pumzi ile ilitoka kwenye spika ya kushoto.

Hakukuwa na rekodi inayocheza. Niliangalia mara mbili.

Mhudumu wetu, tunayemwita Redio kwa sababu habari zote zinaanzia kwake, alipita na mafaili. Nikamuuliza kama kamwona mama mmoja.

"Mama yupi?"

"Aliyepiga hodi sasa hivi."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Aa, dada, usianze. Wa kwanza alianza hivyohivyo, na hodi. Mwisho akawa anapiga soga na meza."

Uliuliza alikwenda wapi. Ndugu zake walikuja kumchukua. Sitaki kuandika zaidi.

Chiriku


22 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Nguo za mvua zipepee kwa feni, usilale chini yake. Bibi anauliza kama huko ofisini kuna vijana wenye adabu. Nimemwambia kuna meza tu.

Mwanangu, tulia. Waya mrefu wa sauti usiofungwa vizuri unanasa mawimbi ya redio kama nyavu. Nimewahi kutengeneza spika ya duka la dawa iliyokuwa ikitoa mawaidha, na mteja akatubu pale pale kaunta. Huenda huyo mama wako yuko kwenye mchezo wa redio, anapiga hodi kwa jirani yake wa kuigiza.

Ondoa programu ya kadi kwenye mashine yote, zima, washa, uiweke upya. Kisha fungua ukurasa wa sauti uangalie kama kipaza sauti chako cha mezani kimeruhusiwa kupitisha sauti moja kwa moja hadi kwenye spika. Kama kuna alama ya tiki, iondoe.

Lakini kuna kitu hukuniambia. Nilikuuliza kuhusu nyaya, ukanijibu kuhusu vumbi. Nyuma ya kasha kuna nyaya ngapi, na kila mmoja unaishia wapi?

Na hodi ikija tena, usijibu. Niandikie maneno yake yote kama yalivyo.

Shangazi yako


12 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima, natumaini.

Barua yako ilichelewa. Ilipofika nilikuwa nimekwisha kujibu tena, zaidi ya mara moja. Nisamehe. Hodi ikipigwa nawe ukae kimya, unajiona kama umemfungia mtu mlango usoni.

Programu nimeiondoa na kuirudisha. Ile alama ya kipaza sauti ilikuwepo. Nilitaka kuiondoa, mkono ukiwa kwenye kipanya, na yeye akasema. Nimekaa na maneno haya bila kumwambia mtu, sasa naandika kwa kuwa umesema niandike yote. Alisema:

"Uliniambia karibu. Mlango uko wapi?"

Shangazi, mchezo wa redio hauwezi kujua kwamba nilisema karibu.

Nilipiga magoti nikaweka sikio kwenye spika. Nilisikia kitu kama kitambaa kikisugua ukuta, na mtu akimeza mate. Nikanong'ona, "Wewe ni nani?" Akasema, taratibu, kama anamjibu mtu aliye juu yake, "Mimi ni yule yule." Kisha ukarudi mguno peke yake.

Nilipogeuka, Mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwepo tangu lini. Alisema, "Karani, unaongea na nani?" Nikamwambia narudia maneno ya rekodi ili nisikosee. Akaangalia kioo cha kompyuta, ambacho hakikuwa na rekodi yoyote, akasema, "Wa kwanza naye alikuwa msafi wa maandishi. Nilimpenda." Akaondoka.

Nafikiria kuacha kazi. Usimwambie Bibi.

Chiriku


27 Mei

Mwanangu,

Bibi yuko salama na sijamwambia.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Sikuamini mchezo wa redio hata wakati naandika, nilitaka ulale. Sasa na mimi nakwambia yangu, nawe usimwambie Bibi. Sipokei simu kwa sababu sisikii. Lilianza sikio moja, likafuata la pili. Nyumbani nasoma midomo, na mwaka wa pili huu natengeneza spika bila kuzisikia. Naangalia mshale wa mita, naweka kidole kwenye ngozi ya spika nasikilizia mtetemo. Wateja wanadhani nimekuwa na maringo, wakinisalimia nikiwa nimeinama siitikii. Ndiyo maana nakuomba herufi za mguno. Masikio ninayotumia kwenye kazi hii ni yako, na sijaona yakikosea mpaka sasa. Mmmm ulisema, na mmmm ni waya mrefu.

Kwa hiyo huna wazimu. Kuna waya, na upande wa pili wa waya kuna mtu.

Fanya hivi mchana, watu wakiwepo. Shika waya wa tundu la buluu kwa vidole viwili uufuate bila kuuachia, kama unavyofuata uzi ulioingia kwenye pindo la nguo. Ukipotelea ukutani, nenda upande wa pili wa ukuta. Ukifika unakoishia, niandikie umeona nini. Kazi usiache kabla ya hapo. Na hiyo alama iache kwanza ilipo.

Shangazi yako


17 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Niliposoma habari ya masikio yako niliweka barua chini, nikaenda kusimama uani. Nilikuwa nakulaumu kwa simu. Sitamwambia Bibi, ila nadhani anajua. Mama yako haachi kitu kipite.

Nimeufuata waya.

Nyuma ya kasha kuna nyaya nne. Wa kipaza sauti cha mezani uko kwenye tundu la waridi. Tundu la kijani limewekewa kiungo chenye matawi mawili: tawi moja linakwenda kwenye spika zangu, la pili linashuka pamoja na waya wa tundu la buluu nyuma ya kabati, vyote viwili vinaingia kwenye tundu la ukuta lililozibwa kwa gazeti. Nilimwomba Redio anisaidie kusogeza kabati, nikamwambia nimedondosha pete. "Pete ya nani?" akauliza. "Umeposwa lini wewe nisijue?" Nikamwacha na hiyo, itampa kazi ya wiki nzima.

Chini ya ofisi yangu kuna chumba kilichofungwa. Zamani ndicho kilichokuwa chumba cha kupokelea watu: dirisha lenye kioo na kijitundu cha kusemea, linalotazama ujia wa nyuma. Karani alikaa juu. Mtu akifika dirishani alipiga hodi, kipaza sauti cha dirishani kikaipeleka juu, karani akasema karibu kwenye kipaza sauti chake, na karibu ikatoka kwenye kispika kilichofungwa juu ya dirisha. Redio anakumbuka. Baadaye mapokezi yakahamia mlango wa mbele, chumba kikafungwa, na nyaya hakuna aliyezing'oa. Kadi ilipokuwa na vumbi zilinyamaza. Kuna nyakati meno yalishika kidogo, ndizo nyakati za yule wa kwanza. Mimi nikayasugua kwa kifutio.

Nilizunguka nje hadi ujia wa nyuma. Kuna kibao cha kukalia chini ya dirisha, na mkabala wake anakaa fundi viatu. Nikamuuliza kama kuna mtu huja pale.

"Yule mama? Huja. Hupiga hodi, husubiri, huondoka. Zamani alikuwa haji sana. Tangu dirisha limjibu ndiyo haachi."

"Dirisha lilimjibu?"

"Ndivyo anavyosema. Anasema ndani hakuna mtu, ameweka jicho kwenye kioo ameona vumbi tupu, lakini lilimwambia karibu." Akagonga msumari. "Tunamwacha. Amefiwa. Yule kijana mpaka rangi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ghorofa, ndiye mwanawe wa pekee."

Shangazi, niliketi kwenye kile kibao chake. Nilikuwa nikimwogopa yeye, naye alikuwa akizungumza na sauti yangu kwenye chumba kisicho na mtu.

Na kuna baya zaidi. Mama wa mpaka rangi namjua kwa maandishi. Waajiri wa kijana wameandika kwamba siku ile hakwenda kazini, kwamba alipanda lile jukwaa kwa mambo yake. Mama yake ndiye pekee anayeweza kueleza kwamba alimtoa nyumbani asubuhi na nguo za kazi. Ameitwa mara mbili, na mara zote mbili nimeandika kwa mkono wangu: hakufika. Akikosa mara ya tatu, jalada linafungwa na maneno ya waajiri ndiyo yanabaki. Siku ya tatu ni Ijumaa ya kwanza ya Julai.

Alifika, shangazi. Barua zetu za wito zinatoka kwenye mfano wa zamani, mstari wa chini, kwa herufi ndogo, unasema "fika dirisha la nyuma." Wengi hawausomi, wanaingia mlango wa mbele tu. Yeye aliusoma. Fundi viatu anasema aliwahi kwenda mbele, bawabu akamsomea karatasi yake mwenyewe na kumrudisha nyuma. Sasa hata ukimwelekeza hasogei. Anasema dirishani ndipo alipojibiwa, na akiondoka ndipo watakapomwita.

Nilikwenda kwa Mkuu. Nilimwambia mtu huyu alifika, tubadilishe orodha. Akauliza, "Ulimwona?" Nikasema sikumwona. "Nani alimwona?" Nikasema alisikika. Akaweka kalamu chini.

"Alisikika wapi, karani?"

Sikuweza kulitamka neno spika. Akasema, "Orodha zimekwisha kutiwa saini. Nenda kang'oe hizo nyaya ambazo mhudumu ananiambia zinakusumbua, ufanye kazi. Ijumaa ile sitaki mtu anayezunguka korido."

Nikizing'oa, kadi itakuwa safi, spika zote mbili zitasema vizuri, nami nitapita majaribio. Na yule mama atapiga hodi kwenye kioo, na juu hakutakuwa na wa kusikia. Nijibu upesi.

Chiriku


25 Juni

Mwanangu,

Naandika nimesimama posta, ili itoke leo. Bibi mzima.

Uliniuliza ufundi, ufundi umekwisha. Kadi yako ni nzima. Haikuwa mbovu hata siku moja tangu uisugue. Ilikuwa inasema kweli ilichoambiwa.

Ukitaka kunyamazisha mguno, funga waya wa ardhi, ule uzi wa shaba unaouzunguka waya mrefu, kwenye chuma cha kasha. Mmmm itakwisha na sauti itabaki. Sijakwambia uufunge wala uung'oe.

Ila kwa waya usimsemeshe tena. Mimi najua ilivyo kuona midomo ya watu inacheza bila sauti, nadhani kusikia sauti bila midomo ni kubaya kuliko hapo. Kama ni kumwendea, shuka.

Shangazi yako


9 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilifika Alhamisi jioni. Iliwahi.

Mguno niliuondoa asubuhi ya Ijumaa, kama ulivyoelekeza. Niliukaza waya wa ardhi kwenye skrubu ya kasha, na spika ya kushoto ikawa kimya kabisa. Sikujua kimya chake kitakuwa kibaya hivyo. Zamani mguno ulikuwa kama pazia. Sasa nilisikia ujia wote wa nyuma: nyundo ya fundi viatu, maji yakimwagwa, viatu vikija. Viatu viliburuzika. Vikasimama. Akaketi, nikasikia kibao kikilia, na nikasikia anavyojisemea kwa sauti ya chini yale atakayoyasema, anayapanga, anayarudia. "Aliamka, akaoga. Suruali yake ya rangi niliifua mimi."

Akapiga hodi.

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Niliuziba kwa kiganja.

Mkuu alikuwa kwenye chumba cha mahojiano upande wa pili, na ufunguo wa chumba cha chini unaning'inia kwenye ubao ofisini kwake, pamoja na mingine. Niliingia nikauchukua. Redio alikuwa anapita. Akaona ufunguo, akaniona mimi, akanipisha njia. Nikashuka.

Chumba kina harufu ya karatasi zilizolowa. Kuna kaunta, kiti kimoja kilichogeuzwa, na kile kipaza sauti mbele ya kioo kimevaa vumbi kama manyoya. Kioo nacho kina vumbi, kwa hiyo nilimwona kama kivuli, kichwa kimeinama. Alisikia kitasa. Akarudi nyuma hatua moja, akashika ukuta. Nilivyomwogopa miezi yote ile ndivyo alivyoniogopa.

Nikapangusa kioo kwa mkono wa gauni. Dirisha liligoma, nikalisukuma kwa bega mpaka likateleza. Tulitazamana. Ni mama mwembamba, kafunga kitambaa cha kichwa vizuri, na karatasi ya wito kaishika mbele yake kama mtu anayeonyesha tiketi. Alinyoosha mkono taratibu, akanigusa shavu kwa ncha za vidole, kama anayepima pasi kama imepoa.

"Kumbe una uso," akasema.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba." Machozi yalikuwa yanamshuka lakini sauti ilikuwa kavu. "Sikumwambia mtu nyumbani. Wangesema kilio kimenipanda kichwani."

"Na mimi sikumwambia mtu hapa."

Hapo akacheka kidogo, na mimi nikacheka, tukiwa wawili kwenye dirisha moja. Nilimwambia mimi ndiye karani, kwamba leo ndiyo siku yake, aniambie yote, nitayaandika. Sikuwa na karatasi. Nikaandika nyuma ya karatasi yake ya wito, juu ya kaunta, penseli ikitoboa kwa haraka. Akasimulia. Kijana aliamka. Aliaga. Alivaa suruali yenye madoa meupe, na akarudi mlangoni kuchukua brashi yake ndogo, ile ya pembeni, kwa sababu aliambiwa na msimamizi kwamba siku hiyo watamalizia madirisha ya juu. Alimtaja msimamizi kwa jina. Alisema msimamizi ndiye aliyemletea habari ya kuanguka, na ndiye huyohuyo aliyekuja baadaye kumwambia aseme kijana alikuwa likizo.

Hapo akatafuta neno la kufuata. Na kutoka kwenye kile kispika kilicho juu ya dirisha, sauti ya mtu mwingine ikasema:

"Endelea, mama. Naandika."

Yeye alinishika mkono, mimi nikamshika wake. Shangazi, niliijua sauti ile. Alikuwa Mkuu. Alikuja kunitafuta, akakuta kiti kitupu na mtu anazungumza kwenye spika ya kushoto, akaketi. Sijui alikuwa amekaa kwa muda gani. Ile alama ya kipaza sauti sikuwahi kuiondoa.

"Aliyekuja kukwambia useme yuko likizo," sauti ikaendelea, taratibu, ile ile ya wino mwekundu, "alikuja peke yake, au na mwingine? Na wewe karani, ukimaliza uje na ufunguo wangu."

Hofu ya kazi yangu ilinipanda palepale. Bado ninayo ninapoandika. Nimeambiwa nifike kwake Jumatatu, na sikuambiwa ni kwa ajili ya nini. Redio anasema Mkuu alitoa faili la karani wa kwanza kabatini, akakaa nalo mlango umefungwa. Redio mwenyewe hajui lina maana gani, na hilo limemnyima usingizi.

Lakini wakati ule mama wa mpaka rangi hakujua lolote kuhusu kazi yangu. Alikuwa amekiangalia kispika kile kwa muda, kisha akanigeukia, akaniuliza kwa kunong'ona, kama watu wanavyouliza mbele ya mgonjwa:

"Na huyo naye ana uso?"

Nikamwambia anao. Nikafunga dirisha, nikatoka kwa mlango wa mbele, nikazunguka hadi ujia wa nyuma, nikamshika mkono, nikampitisha mbele ya bawabu, tukapanda ngazi kwenda kuuona uso huo.

Binti wa kaka yako,
Chiriku